Kutoka kwenye foleni mpaka nyuma ya meza: mwongozo kamili wa kuishi na kutumika kwenye parokia ya Episkopali huku Marekani

Kila mwezi napigiwa simu mbili tatu na watu waliofika Marekani karibuni, wengi ni Wakongo waliopitia kambi ya Nyarugusu, wengine Warundi, wengine Watanzania wenzangu wa Kigoma na Dodoma, na swali ni lile lile: kaka, sisi kwetu ni Waanglikana, huku kanisa letu ni lipi, na tukishafika tunafanyaje? Nimeona niandike mara moja nikiwa nimetulia, manake kwenye simu nasahau nusu.

Mimi ni mtu wa Kasulu, nina miaka 11 kwenye parokia moja ya mji wa kati huku. Niliingia pale kwa mlango wa nyuma, mlango wa chakula, nikiwa na mfuko mkononi kwenye foleni ya Alhamisi. Baada ya miezi kadhaa nikawa napanga makopo kwenye rafu, na juzi juzi nimemaliza miaka mitatu ya vestri, yaani baraza la parokia. Kwa hiyo hili ninaloandika nimelipitia pande zote mbili za meza, na kama kuna kitu kimoja nataka ukishike ni hiki: usikubali kubaki upande wa kupokea tu. Watu wa kule si wabaya, ila wanaogopa kukusumbua, wanakuona una watoto, una zamu za usiku, Kiingereza bado, basi wanakuacha upumzike, na wewe unakaa miaka minne unaitwa mgeni. Kazi huku haiji kwa kupangiwa, unaiomba.

Kwanza ujue umeingia kanisa gani

Kanisa la Episkopali ndo Waanglikana wa Marekani, usihangaike kutafuta bango limeandikwa Anglikana halafu ukapita mbele ya kanisa lako. Jina lilitokana na vita vya uhuru. Zamani kasisi wa Kianglikana alikuwa lazima aape utii kwa mfalme wa Uingereza, sasa Wamarekani walishamkataa mfalme, wakabaki hawana askofu. Mwaka 1784 Samuel Seabury akawekwa wakfu na maaskofu wa Scotland kule Aberdeen, na mwaka 1789 kanisa likawa na katiba yake na kitabu chake cha sala. Neno lenyewe maana yake ni kanisa lenye maaskofu, basi. Askofu kiongozi wa sasa ni Sean Rowe, alianza Novemba 2024, kabla yake alikuwa Michael Curry, Mwamerika Mweusi wa kwanza kushika nafasi hiyo, ndo yule aliyehubiri harusi ya Prince Harry 2018, wengi tulimwona kwenye TV.

Kuna mambo ujue mapema kuliko kuja kushtuka. Wanawake wanawekewa mikono kuwa makasisi, mkutano mkuu uliruhusu 1976, na mwanamke wa kwanza kuwa askofu katika Waanglikana wote duniani alikuwa wa kanisa hili, Barbara Harris, mwaka 1989. Mwaka 2003 dayosisi ya New Hampshire ilimweka Gene Robinson kuwa askofu, mtu aliyekuwa akiishi wazi na mwenzi wa kiume, na makanisa ya kwetu, Kenya, Uganda, Rwanda, Tanzania, yakatangaza kwamba ushirika umekatika au umepata jeraha kubwa. Waliojitenga huku walianzisha kanisa lao jingine 2009. Mwaka 2015 Episkopali wakaruhusu ndoa za jinsia moja. Sikuandikii haya ili ukimbie au ubaki, nakuandikia kwa sababu wapo ndugu waliokaa mwaka mzima ndipo wakaja kuambiwa na mtu pembeni, ikawa ugomvi ndani ya familia. Kaa na mkeo au mumeo, zungumzeni, na kama una swali muulize kasisi ana kwa ana, wamezoea kuulizwa na hawakasiriki.

Na kuna mtu mmoja nataka umjue kabla hujaingia mlangoni, Absalom Jones. Alizaliwa mtumwa Delaware 1746. Philadelphia, kwenye kanisa la Kimethodisti alikokuwa anasali, walitaka kumnyanyua akiwa amepiga magoti katikati ya sala ili Weusi wakakae pengine, yeye na wenzake wakatoka wote. Mwaka 1793 homa ya manjano ikaingia mjini, matajiri wakakimbia, na waliobaki kuuguza wagonjwa na kuzika maiti ni hao hao waliofukuzwa, Jones na mwenzake Richard Allen ndo walikuwa wanapanga watu. Mwaka uliofuata Kanisa la Mtakatifu Thomas la Waafrika likafunguliwa, na yeye akaja kuwa kasisi Mweusi wa kwanza wa Episkopali. Sikukuu yake ni tarehe 13 Februari. Mtu akikwambia wageni na maskini kwenye kanisa hili kazi yao ni kuhudumiwa, mwambie akasome habari za huyu mzee.

Jumapili ya kwanza

Makanisa mengi yana ibada mbili, ya saa mbili asubuhi ambayo ni ya kimya, Kiingereza cha zamani, hamna nyimbo, wazee kumi na tano wamekaa mbali mbali, na ya saa nne au nne na nusu yenye kinanda na kwaya. Nenda ya pili, hasa ukiwa na watoto. Kwenye benchi utakuta vitabu viwili, chekundu ni cha sala, toleo la 1979, na cha bluu ni cha nyimbo. Fungua chekundu ukurasa wa 355 utakuta Ushirika Mtakatifu, na hapo utashangaa, manake hata kama Kiingereza kinakusumbua utajua uko wapi, ni mpangilio unaofanana na wa nyumbani, Injili, imani, maungamo, amani, meza. Wakongo na Warundi, Kitabu cha Sala kipo kwa Kifaransa pia, tafsiri rasmi kabisa, omba ofisini wakutafutie.

Ibada ni saa moja na dakika kumi, mahubiri dakika kumi na mbili hivi. Usiseme hawa hawana Roho, ndivo walivyo tu.

Ushirika wanapokea wote waliobatizwa, hata mtoto mdogo, kipaimara si sharti. Hilo kwetu ni geni na mara ya kwanza mke wangu alimvuta binti yetu mkono asinyooshe, kasisi akasubiri tu pale na mkate mkononi, akamwangalia mama kwanza, mama alipoitikia kwa kichwa ndo akampa mtoto. Kama hutaki mtoto apokee, akunje mikono msalaba kifuani atapewa baraka.

Ikiisha usitoroke. Kuna saa ya kahawa ukumbini, na pale ndo parokia yenyewe ilipo, shida zinasemwa pale, kazi zinatafutiwa watu pale, gari bovu linapata fundi pale. Simama na kikombe hata kama huongei. Andika jina kwenye ile stika ya kifuani kwa herufi kubwa, na mtu akikosea kulitamka mrekebishe siku hiyo hiyo, ukiliacha utaitwa hivyo mpaka kufa.

Kuandikishwa

Wiki ya pili au ya tatu omba kuonana na rekta, ndo kasisi mkuu wa parokia. Kama una vyeti vya ubatizo na kipaimara nenda navyo, kama una barua ya kasisi wa nyumbani nzuri zaidi. Ukiwa umepata kipaimara kwa askofu wa Kianglikana huanzi upya, unahamishwa tu kitabuni. Aliyepata kipaimara kwa Wakatoliki anapokelewa na askofu siku akitembelea. Na kama vyeti viliungua au vilipotea njiani, usione aibu, sema ulivyobatizwa, wapi, na nani, wataandika kwa ushuhuda wako. Kama mtu kweli hajui alibatizwa au la, kitabu cha sala kina ubatizo wa sharti, wanasema "kama hujabatizwa, nakubatiza", imeisha.

Hakikisha unaingia kwenye daftari, usiridhike kuhesabiwa kwa macho. Mtu aliyepokea ushirika angalau mara tatu kwa mwaka anahesabika kuwa mshirika, na daftari ndo linaamua nani anapiga kura, kwa hiyo baadaye utanishukuru.

Omba kazi, tena omba ndogo

Hapa ndo wengi wetu tunakosea. Tunasubiri kuteuliwa kama nyumbani, mzee wa kanisa aje aseme wewe kuanzia leo uko kwaya. Huku haji mtu. Mwezi wako wa kwanza tu pale mfuate anayesimamia kitu na umwambie kwa maneno haya machache: nataka kusaidia, nipe kitu cha kufanya Jumapili ijayo. Taja siku. Ukisema nikihitajika niiteni, hawataita.

Kazi za kuanzia zisizohitaji Kiingereza kikubwa: kuongoza watu kwenye viti na kupitisha sahani ya sadaka, kuandaa kahawa, kubeba msalaba mbele ya msafara, na chama cha altare. Hicho cha altare wengi wanakidharau ila mimi nawaambia akina mama wetu waingie kule. Wanakuja Jumamosi, wanapiga pasi vitambaa vya meza, wanapanga maua, wanasuuza kalisi, kile kikombe cha divai, kwa maji ya sinki maalumu ambalo bomba lake linaenda moja kwa moja ardhini badala ya kwenye mfereji wa maji machafu. Mke wangu alijifunza Kiingereza chake chote pale, kutoka kwa bibi wa miaka 80 aliyekuwa anamwonyesha namna ya kukunja kitambaa mara tatu mara tatu kitoke miraba tisa. Leo bibi yule hawezi kupanda ngazi na mke wangu ndo anampelekea ushirika nyumbani, amefunzwa na kupewa kibali cha dayosisi kama mlei, yaani muumini asiye kasisi.

Kusoma masomo nako usiogope, waombe wakupe somo wiki moja kabla, lisome nyumbani kwa sauti. Lafudhi si dhambi.

Ukitaka kufanya na watoto, watakuchunguza rekodi za polisi na utasoma mafunzo ya usalama wa watoto, na utaambiwa usikae na mtoto asiye wako peke yako chumbani, lazima watu wazima wawili. Kwetu mtoto ni wa kila mtu, unambeba tu, kwa hiyo wengine wanachukia wanaona wanashukiwa. Usichukie, ni sheria ya wote, hata rekta kafanyiwa.

Nani anaamua, na pesa zinatoka wapi

Nyumbani askofu anamhamisha kasisi, unaamka unakuta mpya. Huku rekta akiondoka, vestri ndo inatafuta mwingine, inahoji, inachagua kwa kushauriana na askofu, na mara nyingi inachukua mwaka au zaidi. Vestri ni walei waliochaguliwa na waumini, mara nyingi kwa miaka mitatu mitatu, wana wasimamizi wawili wanaoitwa wadeni (wardens), mmoja wa karibu na rekta, mwingine kwa kawaida ni wa majengo, na mhazini. Bajeti ni wao, paa likivuja ni wao, ukumbi kutumika na nani ni rekta na wao. Kwa hiyo ukiwa na wazo la huduma ukamwambia rekta peke yake, umefika nusu ya njia.

Pesa ni za waumini wenyewe. Oktoba na Novemba utapewa kadi ya ahadi, unaandika utatoa kiasi gani mwaka ujao, ndo wanapangia bajeti. Jaza hata kama ni dola tano kwa wiki. Nasema hivi kwa uchungu kidogo maana nilikaa miaka miwili sijajaza nikiona aibu ya kiasi, kumbe pale vestri hatuangalii ukubwa kwanza, tunaangalia ni nyumba ngapi zimeahidi.

Kitu ambacho wengi hawajui: sheria za kanisa zinasema sadaka ya kawaida ya Jumapili moja ya ushirika kila mwezi inaenda mikononi mwa kasisi kwa ajili ya wenye shida. Ni mfuko wa siri yake. Ukikwama umeme au kodi ya nyumba, mwone, nenda na bili yenyewe, na usitegemee pesa mkononi, hundi inaandikwa kwa jina la kampuni ya umeme. Si mkopo na hatangazi.

Kuanzisha huduma kwa majirani

Sasa hapa ndo nataka tukae.

Kwenye kitabu chekundu, ukurasa wa 304 na 305, kuna agano la ubatizo, na mle kuna swali kama utamtafuta na kumtumikia Kristo ndani ya watu wote, na lingine kama utaheshimu utu wa kila mwanadamu. Waumini wote wanajibu nitafanya hivyo, kwa msaada wa Mungu. Ukiwaambia vestri jambo la huduma, anzia hapo, wote wameapa.

Hatua ya kwanza ni kuuliza, kabla ya kukusanya chochote. Pantri yetu ya zamani, yaani stoo ya kugawa chakula, ilikuwa inagawa kilicholetwa, na kilicholetwa ni kile watu walichokuwa hawakitaki kabatini mwao. Nakumbuka mama mmoja wa Uvira ameshika kopo la boga la kutengenezea keki, analigeuza, ananiuliza, "Kaka, hii kitu banaikulaka namna gani?" Sikuwa na jibu. Nikitoka jioni nikakuta makopo sita ya lile boga yamepangwa vizuri kwenye benchi la kituo cha basi, hakuna aliyeyatupa, watu wetu hawatupi chakula, wameyaacha labda kuna mtu anayajua. Ile picha ilinikaa.

Basi tukatembea. Watu wawili wawili, Jumamosi tatu, daftari mkononi. Tulienda kwa mfanyakazi wa ustawi wa jamii wa shule ya msingi ya karibu (huyu anajua kuliko mtu yeyote nani hajala), kwenye duka la kufulia nguo, kituo cha basi, duka la Waafrika. Tulipiga pia 211, ni namba ya huduma za jamii, watakwambia watu wa eneo lako wanaulizia nini na nani tayari anafanya. Na swali tulilouliza lilikuwa moja: mwisho wa mwezi kitu gani kinaisha kwanza ndani? Jibu la kwanza lilikuwa pampasi. La pili sabuni ya kufulia. La tatu mafuta ya kupikia. Na ukitazama lina sababu, kadi ya chakula ya serikali hailipi pampasi, hailipi sabuni, hailipi pedi. Mama ana mchele ndani na mtoto hana cha kuvaa, na bila pampasi kituo cha watoto hawampokei, na asipopokelewa mama haendi kazini.

Hatua ya pili, karatasi moja kwa vestri. Moja tu, wakipewa tano hawasomi. Andika: tunataka kufanya nini, siku gani na saa ngapi, chumba gani, watu wangapi wa kujitolea na majina yao, pesa za miezi sita, na nani ana funguo. Hilo la funguo msilicheke, huduma nyingi zinakufa kwa sababu mwenye ufunguo kasafiri. Omba miezi sita ya majaribio, vestri wanaogopa kitu kisicho na mwisho. Mwambie mhazini akague bima ya kanisa kama inahusu shughuli hiyo.

Hatua ya tatu, benki ya chakula ya mkoa wenu. Hii ni ghala kubwa inayohudumia pantri ndogo ndogo, vingine bure, vingine ada ndogo kwa uzito. Watakuja kukagua: rafu ziwe juu ya sakafu inchi 6, friji iwe na kipimajoto na karatasi ya kuandika joto kila siku, dawa za kusafishia zisikae na chakula, na mtu mmoja awe amesoma mafunzo ya usalama wa chakula. Mkipokea chakula cha serikali kuna fomu ya kujaza na bango la haki za raia la kubandika, na huruhusiwi kumlazimisha mtu kusali ndipo apewe. Chakula cha kupika ni habari nyingine, piga simu idara ya afya ya kaunti kabla hujawasha jiko. Na yule mwenye duka anayeogopa kutoa mkate wa jana asije akashtakiwa, mwambie kuna sheria ya 1996 inamlinda mtu anayetoa chakula kwa nia njema.

Hatua ya nne ni rafu zenyewe. Maharage makavu, siyo ya kopo tu. Unga wa mahindi mweupe, mchele mifuko mikubwa mnafungasha upya, mafuta, dagaa mkiwapata, vitunguu. Pampasi saizi 5 na 6 zinaisha kwanza, wafadhili wanaleta za kichanga kwa sababu ni nzuri kuangalia. Sisi tunanunua maboksi makubwa, vijana wa kipaimara wanakaa ukumbini wanahesabu 25, 25, mfuko unaoonyesha ndani, stika ya saizi juu. Mara ya kwanza nilimwona kijana wa miaka 14 wa familia ya kizungu, baba yake wakili, anabishana na binti yangu kama ile ni saizi 4 au 5, wamezishika juu kwenye taa wanazilinganisha. Walikuwa wamesali kanisa moja miaka mitatu bila kusemezana.

Siku yenyewe

Fungua mlango nusu saa kabla. Hili nalisisitiza kuliko yote. Nilishasimama Januari kwenye foleni ya kanisa moja ambalo silitaji, ukumbi wenye joto uko pale nyuma ya kioo, tunaona taa, na mlango umefungwa mpaka saa kamili ifike, mtoto mgongoni. Waliokuwa ndani hawakuwa na roho mbaya, walikuwa wanapanga meza. Panga meza mapema. Weka viti, weka kahawa, toa namba ili mtu akae asigombanie kusimama.

Acha watu wachague wenyewe kama dukani, usiwafungashie. Kinachotupwa kinapungua na mtu anatoka na heshima yake. Bandika karatasi kwa lugha zote za pale, Kiswahili kikiwemo, kwamba hatuulizi karatasi za uhamiaji, na kweli msiulize, chukueni kile tu ambacho fomu inataka. Tangu 2025 watu wana hofu sana. Mwaka huo huo, mwezi wa tano, Kanisa la Episkopali lilitangaza kwamba linamaliza mkataba wake na serikali wa kupokea wakimbizi, baada ya kutakiwa kuwapokea Makaburu kutoka Afrika Kusini wakati wakimbizi wengine wamefungiwa mlango. Wengi wetu tulipokelewa airport na watu wa mpango ule, kwa hiyo iliuma. Ila parokia zinaendelea na jirani aliyeko, hilo halihitaji mkataba.

Usipige picha watu kwenye foleni. Ukitaka picha ya jarida la parokia piga vitunguu.

Na sasa jambo langu. Kila mwezi chagueni watu wawili kutoka kwenye foleni mkawaombe waje nyuma ya meza. Msitangaze kwa jumla, mfuate mtu kwa jina, mwambie tunakuhitaji Alhamisi ijayo saa tisa, wewe unaelewana na akina mama kuliko sisi. Wengi watakuja. Ila wekeni sheria mapema, mtu wa kujitolea ambaye naye anahitaji chakula anachukua namba kama wengine, hachukui nyama kwanza, kwa sababu nimeona huduma ya miaka mingi ikivunjika kwa kuku. Baada ya mwaka mmoja nusu ya timu yetu walikuwa watu wa foleni, na hapo ndo mambo yalibadilika, menyu ikabadilika, saa za kufungua zikahamia jioni kwa ajili ya wa zamu, hata kelele zikawa za furaha.

Ukitaka kuona hili likifanyika kwa ukubwa, New York kuna Kanisa la Mitume Watakatifu, mtaa wa Chelsea, wanalisha watu tangu 1982, na paa lilipoungua 1990 kesho yake walilisha watu, na walipolijenga upya mabenchi hawakuyarudisha, meza za chakula zikaingia mle mle ibadani. San Francisco, Mtakatifu Gregory wa Nisa, walianza kupanga vyakula kuizunguka altare.

Zaidi ya chakula

Kufua ndo huduma rahisi kuliko zote na sijui kwa nini parokia nyingi haziijui. Mnaelewana na mwenye duka la kufulia, jioni moja kwa mwezi mnakwenda na sarafu za robo dola na sabuni, mnalipia mashine za watu. Hamna rafu, hamna friji, hamna ukaguzi. Na mashine inazunguka nusu saa, watu wamekaa, wanaongea. Mimi nimeombwa kuwaombea watu wengi zaidi pale kuliko kanisani.

Madarasa ya Kiingereza yanataka mtu mmoja mwaminifu na chumba cha watoto. Pesa za kuanzia jaribuni dayosisi, au Sadaka ya Shukrani, vile viboksi vya bluu vya kutumbukiza senti, ilianza 1889 na wanawake wa kanisa hili, ruzuku zake zinatoka mpaka kwetu Afrika.

Ibada ya Kiswahili nayo mnaweza kuomba, watu hawajui tu. Sala ya Asubuhi mlei anaweza kuongoza, ushirika unataka kasisi na ruhusa ya askofu kwa kitabu cha kwetu. Ila ushauri wangu, na wapo watakaonipinga, msikubali kuwa wapangaji wa saa saba mchana mnaolipa ukumbi na kuondoka na ngoma zenu. Iwe ibada ya parokia, sadaka iingie mfuko mmoja, watoto wawe darasa moja, na mara moja kwa mwezi wimbo wenu uwe saa nne na kinanda chao. Mkiwa wapangaji, siku paa likivuja mtatafutiwa notisi.

Kabla ya mwaka kuisha

Mkutano mkuu wa parokia mara nyingi ni Januari. Pale mnachagua vestri na kupokea bajeti, na huduma yenu kama haina mstari kwenye bajeti itaishi kwa huruma ya mtu mmoja. Majina ya wagombea huwa yanatafutwa Novemba na Desemba. Parokia nyingi zinataka mgombea awe ameandikishwa, anapokea ushirika na ametoa ahadi, na umri wa kupiga kura mara nyingi ni kuanzia miaka 16, hizo zinategemea dayosisi, omba katiba ndogo ya parokia ofisini usome mwenyewe. Kisha mfuate mdeni yeyote kwenye saa ya kahawa, umwambie jina la mtu wa kutoka kwenye ile timu yenu ya Alhamisi, na kama mtu huyo ni wewe, taja lako.